Mapafu Hayana Ugonjwa, Lakini Pumzi Inakatika

Hotuba ya mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) kwa wazazi, walimu na wanafunzi, siku ya wazazi katika shule ya sekondari jijini Dar es Salaam

Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu, wazazi wenzangu: shikamooni kwa wote mnaostahili shikamoo yangu. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Na ninyi vijana, shikamoo zenu nimezipokea tangu getini, hata zile zilizotolewa macho yakiwa kwenye simu.

Mwalimu aliyenialika alitaka nizungumzie sigara na shisha. Nitazigusa, maana serikali ilitangaza kuipiga marufuku shisha tangu 2016 na bado mnajua vijiwe vyake kuliko mimi. Lakini nimeomba nitumie muda wangu mwingi kwa mtoto mwingine, ambaye kwenye mikutano kama hii hatajwi kabisa. Huyu havuti kitu. Hana kifua kikuu, hana pumu. Ila akipanda ngazi za ghorofa ya pili anafika juu ameshika ukuta, jasho linamtiririka, na wenzake wameshakaa darasani. Kipindi cha michezo ana barua ya mzazi: "Mwanangu ana kifua, naomba apumzishwe." Wenzake wanamwita Bonge, na naye amezoea kuitika.

Mnamjua. Wengine mmemzaa, na wengine mmekaa naye dawati moja.

Duniani kote watoto hawa wanaongezeka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 zaidi ya milioni 390 walikuwa na uzito uliozidi, na milioni 160 kati yao walikuwa na unene wa kupindukia. Mwaka 1990 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 8 ya rika hilo. 2022 walifika asilimia 20. Zamani tulidhani ni habari za Marekani na Ulaya. Leo nasimama hapa Dar es Salaam na sihitaji kumwonyesha mtu takwimu. Tusubiri tu kengele ya mapumziko.

Tukisema unene tunakimbilia kisukari na presha, na ni sawa, yapo. Kifua tunakisahau. Na kwa kijana wa miaka 14, kisukari kitakuja baadaye, au hakitakuja. Pumzi inamkatika leo, mbele ya watu.

Sasa nataka mnisaidie. Kila mtu aweke mkono wa kulia tumboni, juu kidogo ya kitovu, na wa kushoto kifuani. Wazee wa meza kuu pia, tafadhali. Vuta pumzi kama kawaida, usijitutumue kwa sababu unatazamwa. Mkono upi umesogea zaidi?

Nawaona. Wengi ni wa kushoto. Tutaurudia mkono huo.

Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Unaitwa kiwambo, na vitabu vingine vya sayansi vinaandika diaframu. Mapafu yenyewe hayana msuli wa kujivutia hewa. Kiwambo kikishuka, mapafu yanapata nafasi na hewa inaingia. Tumbo linasukumwa mbele, ndiyo maana nimewaambia mweke mkono pale. Misuli iliyo katikati ya mbavu inasaidia kuinua kifua. Ukitoa pumzi ukiwa umetulia, hakuna kazi kubwa: kila kitu kinalegea na kurudi mahali pake. Mtu anayepumua mara 15 kwa dakika, kwa siku moja anazidi mara 21,000. Hakuna msuli wa mkono wala wa paja unaofanya kazi ya namna hiyo.

Mwekee huyo mtu mafuta mengi tumboni. Kila kiwambo kinaposhuka kinakutana na tumbo lisilotaka kusogea. Mwekee mafuta juu ya mbavu. Kila ubavu unakuwa mzigo wa kuinua. Mlaze chali, tumbo lote linaegemea juu, kwenye kifua. Ndiyo maana watoto wengine wazito wanapenda kulala wameinuliwa mito miwili mitatu, na mama anafikiri ni kudeka.

Kinachopungua kwanza kwa mtu mzito si ukubwa wa mapafu yake. Hapa wengi hukosea, hata sisi wa hospitali. Ukimpima, mara nyingi mapafu yana ujazo wa kutosha. Kinachopungua ni akiba. Toa pumzi ya kawaida, halafu simama. Bado ndani kuna hewa ambayo ungeweza kuikamua ukitaka, sivyo? Hiyo ndiyo akiba ninayosema. Kwa mtu mwenye uzito mkubwa akiba hiyo inapungua sana, kwa sababu tumbo limekipandisha kiwambo juu na mapafu yanapumzika yakiwa yamebanwa. Sehemu za chini za mapafu zinaanza kufumba, na ni kwenye sehemu hizo hizo za chini damu nyingi inapita kutafuta oksijeni. Hewa ipo juu, damu ipo chini.

Mtoto akibanwa hivyo mwili wake unachagua njia nyepesi: pumzi fupifupi za harakaharaka. Kila pumzi fupi ni rahisi kuivuta. Tatizo ni hesabu yake, na kwa kuwa tuko shuleni, tuifanye hapa hapa.

Kila pumzi unayovuta, kuna sehemu isiyofika kwenye vifuko vya hewa ambako damu inachukua oksijeni. Inaishia puani, kooni na kwenye mirija mikubwa. Kwa mtu mzima ni kama mililita 150. Kwa kijana ni pungufu kidogo, lakini tutumie hiyo. Ichukulieni kama nauli ya daladala: unalipa ileile ukishuka kituo cha kwanza au cha mwisho. Kijana wa kwanza anavuta pumzi 30 kwa dakika, kila moja mililita 300. Jumla ni mililita 9,000. Nauli yake ni 30 mara 150, yaani 4,500. Kinachofika kwenye damu ni 4,500. Kijana wa pili anavuta pumzi 15 tu, kila moja mililita 600. Jumla ni ileile, 9,000. Nauli yake ni 2,250. Kinachofika ni 6,750.

Hewa ileile imepita puani kwa wote wawili. Mmoja amepata mara moja na nusu ya mwenzake, kwa nusu ya idadi ya pumzi. Yule wa kwanza ndiye mnayemwona ameshika ukuta.

Si elimu mpya hii. Mwaka 1846 daktari wa Kiingereza, John Hutchinson, alitangaza chombo alichokiita spirometa, cha kupimia hewa ambayo mtu anaweza kuitoa baada ya kuvuta pumzi yote. Aliwapima watu zaidi ya 2,000: mabaharia, askari, zimamoto, mabondia. Aliona kwamba kadiri mtu alivyo mrefu ndivyo hewa inavyoongezeka, na kwamba uzito ukizidi kiasi, hewa inapungua. Karibu miaka 180 imepita, na bado tunamwambia mtoto kwamba anahema kwa sababu ni mvivu.

Niseme kuhusu ile barua ya "ana kifua". Wapo watoto wazito wenye pumu ya kweli, tena si wachache, kwani unene unaongeza uwezekano wa pumu. Hao wanahitaji dawa zao za kuvuta, na nawaomba msitoke hapa mkaenda kuwanyang'anya pampu kwa sababu fundi wa viungo amesema ni misuli. Lakini wapo pia wanaotembea na pampu mfukoni na hawajawahi kupimwa kwa kupuliza hata mara moja. Mtoto alihema, mtu akasema pumu, ikawa pumu. Kipimo kipo na hakiumi: anapuliza, anapewa dawa ya kufungua mirija, anasubiri kama robo saa, anapuliza tena. Kama mirija ilikuwa imebana kwa pumu, mara nyingi namba itapanda. Isipopanda, bado daktari ana la kuuliza kabla ya kutoa jibu, lakini angalau sasa tunaongea kwa ushahidi.

Na kuna jambo limeonekana kwenye tafiti za watoto huko Marekani ambalo linafafanua mengi. Watoto wengi wazito wana mapafu yenye ujazo wa kawaida au hata mkubwa kuliko wenzao, ila mirija ya hewa haikukua kwa kasi iliyokua mapafu. Nyumba imepanuliwa, mlango umebaki uleule. Kwa hiyo hewa inayotoka sekunde ya kwanza ya kupuliza, ukiilinganisha na hewa yote wanayoweza kutoa, inaonekana ndogo, na karatasi ya majibu inafanana na ya mwenye pumu. Dawa ya pumu haiwezi kurefusha wala kupanua mrija ambao haujabana. Mapafu ya binadamu yanaendelea kukua mpaka miaka ya mwanzo ya utu uzima, kwa hiyo miaka hii ya sekondari si ya kuipoteza.

Sasa nije kwenye misuli.

Misuli ya pumzi ni misuli kama ya paja. Ukiibebesha kidogo zaidi ya ilivyozoea, inaongezeka nguvu. Ukiiacha, inarudi ilikokuwa. Jambo hilo lilithibitishwa vizuri mwaka 1976, pale watafiti wawili wa Marekani, David Leith na Mark Bradley, walipowafanyisha watu wenye afya mazoezi ya pumzi kwa wiki 5. Waliofanya mazoezi ya nguvu waliongeza nguvu ya misuli yao ya pumzi kwa kiasi cha asilimia 55. Waliofanya mazoezi ya ustahimilivu waliweza kupumua kwa nguvu kwa muda mrefu zaidi. Kila kundi lilipata kile lilichokifanyia mazoezi, kama ilivyo kwa mkimbiaji wa mita 100 na yule wa marathoni.

Kwa kijana mzito, msinielewe kwamba misuli yake ni dhaifu. Mara nyingi tukimpima tunakuta nguvu ya kawaida kabisa, pengine hata zaidi, maana imebeba mzigo miaka yote. Ila kazi iliyo mbele yake si ya kawaida. Kiwambo kinachoka mapema, na kikichoka, ubongo unatafsiri kwamba hewa haitoshi, hata kama oksijeni kwenye damu iko sawa. Ile hofu mnayoiona usoni mwake ni ya kweli. Haigizi.

Kifaa tunachotumia ni hiki. Ni kidogo, cha plastiki, kinashikwa kwa mkono mmoja. Ndani kuna springi na vali. Unabana pua, unaweka mdomo hapa, unavuta. Hewa haiingii mpaka uvute kwa nguvu inayotosha kufungua vali, na nguvu hiyo tunaipanga sisi. Kwanza tunapima uvutaji wako wa nguvu zote, unaohesabiwa kwa sentimita za maji, yaani kipimo cha shinikizo la hewa. Tuseme umefika 80. Tutaanza na mzigo wa asilimia 30 mpaka 50, yaani kati ya 24 na 40. Ratiba iliyozoeleka ni pumzi 30 asubuhi na pumzi 30 jioni. Ni dakika chache tu kila mara. Baada ya wiki moja au mbili tunapima tena na kukaza springi.

Namna ya kuvuta ni muhimu kuliko idadi. Vuta kwa haraka na kwa nguvu, mkono wa tumboni ukisukumwa mbele, mabega yakiwa chini. Toa polepole, tulia, ndipo uvute tena. Akiharakisha atapata kizunguzungu, kwa sababu amepuliza nje kabonidayoksaidi nyingi mno. Asimame, apumue kawaida, kitapita. Akiinua mabega kila pumzi, na ule mkono wa kushoto wa kifuani ukasogea zaidi, anafanyisha kazi misuli ya shingo badala ya kiwambo. Watoto wanaoumwa shingo bila sababu, wakati mwingine sababu ni hiyo.

Je, inamsaidia kijana mzito hasa, au tunachukua matokeo ya watu wembamba tunayabandika kwake? Swali zuri. Kaskazini mwa Italia kuna watafiti waliochukua vijana wa kiume wenye unene wa kupindukia waliokuwa kwenye programu ya wiki 3 ya kupunguza uzito: chakula kilichopangwa, mazoezi, ushauri. Wote walipata hayo, na wote walipungua uzito. Baadhi yao wakaongezewa mazoezi ya ustahimilivu wa misuli ya pumzi, ya kupumua haraka na kwa kina kwa dakika kadhaa. Mwisho wa wiki hizo, walioongezewa mazoezi ya pumzi ndio waliotumia oksijeni pungufu walipotembea na kuendesha baiskeli kwa kasi ileile ya mwanzo, na walisema kazi imekuwa nyepesi. Ambao hawakuongezewa walipungua kilo, lakini nafuu hiyo ya pumzi hawakuipata.

Ni wiki 3, na vijana si wengi. Mimi sisimami hapa kuwauzia kifaa. Ila kwa kijana anayeogopa uwanja, nafuu ya kiasi hicho ndiyo tofauti kati ya kukaa kwenye benchi na kuingia mchezoni.

Na mazoezi haya hayapunguzi uzito. Narudia kwa sababu nimeona matangazo mtandaoni ya "pumua hivi tumbo lipotee", na kuna watu wazima na akili zao wametuma pesa. Pumzi 30 asubuhi haziunguzi sahani ya chipsi mayai. Ujazo wa mapafu nao hauongezeki sana kwa mazoezi haya. Wanaoahidi mapafu mapya wanawadanganya. Kinachorudisha ile akiba niliyoisema ni tumbo kupungua, na habari njema ni kwamba hata likipungua kiasi, akiba inaanza kurudi. Mazoezi ya pumzi yanamwezesha mtoto kuvumilia kutembea, kukimbia na kucheza kwa muda wa kutosha mpaka mwili uanze kubadilika. Hapo ndipo ninapoyathamini, na si zaidi ya hapo.

Mtaniuliza: asiye na kifaa afanye nini? Nimeshaulizwa juu ya mrija wa soda. Kuvuta hewa kupitia mrija kunakupa ugumu, ni kweli. Ila mrija una kasoro moja: ukivuta taratibu, ugumu unapungua. Mtoto mjanja anaigundua siri hiyo siku ya pili. Vali ya springi haina ujanja huo, ndiyo sababu ikabuniwa. Maputo? Kupuliza puto kunatumia zaidi misuli ya tumbo ya kutolea pumzi. Si vibaya, lakini kiwambo hakijapata alichokuja kutafuta. Na maputo myafiche mbali na wadogo zao, yanawakaba.

Nyumbani nawaanzishia kitu kisicho na gharama. Akae kwenye kiti, magoti yaachane ili tumbo lipate pa kushukia, aegemee mbele kidogo, viwiko juu ya meza au mapajani. Mkao huo peke yake unampa kiwambo nafasi. Mkono tumboni. Avute kwa pua huku akihesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo, mkono usukumwe nje. Atoe kwa mdomo uliobanwa kidogo, kama anayepiga mluzi usiotoka sauti, akihesabu mpaka sita. Dakika 5, mara mbili kwa siku. Akizoea, alale nusu, mgongo ukiwa na mito, tumboni awekewe mfuko wa mchele wa kilo moja, auinue kwa pumzi. Mchele usipikwe siku hiyo, au mnunue mwingine.

Vijana mnacheka, lakini kwaya nayo ni mazoezi, na kaswida ni mazoezi. Mtu anayeshika mstari mrefu mpaka mwisho bila kuukata amejifunza kuvuta haraka kwa kiwambo na kutoa kwa mpangilio. Sioni aibu kumwandikia mtoto kwaya kwenye karatasi ya matibabu. Kuogelea ni bora zaidi: ukisimama majini mpaka mabegani, maji yanabana kifua na tumbo, kwa hiyo kila pumzi unayovuta ni zoezi, huku maji yakikupunguzia uzito kwenye magoti. Tuko mji wa bahari na watoto wetu wengi hawajui kuogelea. Sisemi mumpeleke Coco Beach mumwachie mawimbi yamfundishe. Apate mwalimu.

Wapo ambao hawapaswi kuanza mazoezi ya kifaa bila kuonwa kwanza hospitali: aliyewahi kupasuka pafu, aliyefanyiwa upasuaji wa kifua au tumbo karibuni, aliyetoboka ngoma ya sikio, mwenye pumu ambayo haijatulia, mwenye ugonjwa wa moyo. Anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu kabla ya lolote, awe mnene au mwembamba. Unene si kinga. Akikohoa damu, akizimia mazoezini, akipata maumivu ya kifua, hilo si jambo la fiziotherapia, ni la dharura.

Na kuna usiku. Wazazi, sikilizeni wanavyolala. Tunafurahia mtoto akikoroma, tunasema amechoka, analala vizuri. Mtoto mzito anayekoroma kila usiku, pumzi ikanyamaza kidogo, halafu akashtuka kama anayekabwa, huyo halali. Njia ya hewa ya kooni inaziba akiwa usingizini. Asubuhi anaamka kichwa kinauma, na darasani saa nne anasinzia, mwalimu anamwadhibu. Walimu, kabla ya kumsimamisha nje mtoto wa namna hiyo, mwiteni mzazi mmuulize anakoromaje.

Walimu, nina maneno yenu pia, na nayasema kwa heshima. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki yawe ya kuchemsha damu. Takwimu za 2016 zilionyesha kwamba vijana wa miaka 11 hadi 17 wasiofikia kiwango hicho ni asilimia 81 duniani. Hapa kwetu kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuliwa na tuisheni mitihani ikikaribia. Viwanja vimejengwa madarasa, na madarasa tunayahitaji, sibishi. Kinachonisumbua ni namna tunavyocheza. Mwaka mzima tunatafuta timu ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Anayekimbia anafundishwa kukimbia zaidi, na anayehema anatumwa kuokota mipira.

Mtoto mzito msimkimbize mzunguko mzima wa uwanja kama adhabu. Mpeni vipindi: atembee haraka dakika mbili, akimbie taratibu nusu dakika, arudie mara sita. Wiki zinavyopita, kukimbia kurefuke na kutembea kufupike. Kipimo cha kasi ni mdomo wake: akiweza kusema sentensi fupi, yuko salama, akishindwa kutaja hata jina lake, amepita kiasi. Apangiwe pumzi na hatua, avute kwa hatua mbili, atoe kwa tatu. Akisimama kupumzika asilale chini. Aegemee mbele, mikono magotini. Mmeona wachezaji wa mpira wakifanya hivyo na mkadhani wamekata tamaa. Wanampa kiwambo nafasi.

Na wasichana. Nikiongea nao peke yao wananiambia jambo moja: si kwamba hawataki mazoezi, hawataki kutazamwa. Msichana wa miaka 15 mwenye mwili mkubwa, kwenye uwanja uliozungukwa na wavulana wenye midomo, hatakimbia, na mimi ningekuwa yeye nisingekimbia. Mpeni saa yao, mwalimu wa kike, mavazi wanayoyaridhia, ukumbi ukifungwa milango. Hilo halina bajeti. Ni ratiba tu.

Chakula sitakirefusha, kwa sababu mnajua tayari. Soda nyumbani iwe ya sikukuu. Chakula cha usiku saa nne kikifuatiwa na kitanda kinaongeza shida ya pumzi usiku uleule, maana tumbo limejaa na mtu amelala chali. Na usimwekee mtoto mmoja sahani yake ya "dayati" huku familia nzima inakula pilau mbele yake. Nyumba ibadilike yote au isibadilike. Moshi nao: mtoto mwenye akiba ndogo ya hewa asikae jikoni kwenye jiko la mkaa mlango umefungwa. Shisha nilisema nitaigusa, basi: kijana, moshi ukipita kwenye maji bado ni moshi.

Mwenyekiti ananionyesha saa.

Kuna mama ameniandikia swali kwenye karatasi, nimjibu hapa kwa kuwa si lake peke yake. Anasema mwanawe amekataa mazoezi yote kwa sababu nyumbani baba yake anamwita "gunia". Mama, kabla ya kumtafutia kifaa, zungumza na baba yake. Akiwa yupo humu, mzee wangu, njoo tuonane pembeni, mimi na wewe tu, sitakutaja.

Leo tumekuja na spirometa moja na vifaa vya kupima nguvu ya uvutaji, vipo maabara ya biolojia. Tutapima mpaka saa tisa. Kila mtoto anakuja na mzazi au mlezi wake, na wembamba pia waje, ili isiwe foleni ya wanene watakaotazamwa. Majibu tunampa mtu mkononi, hatutangazi. Mliokula ubwabwa wa mwaliko sasa hivi mkashiba sawasawa, subirini muda wa saa mbili hivi, kwa sababu tumbo lililojaa linaharibu kipimo. Mkanda na sare zinazobana zilegezwe kabla ya kuingia. Mwenye pampu ya pumu aje nayo, asiitumie asubuhi hii isipokuwa akibanwa, na atuambie aliitumia saa ngapi mara ya mwisho. Tutaanza na kidato cha kwanza.